Simu umenunua wewe, ufunguo anao nani? Android ya Google, LineageOS, /e/OS au GrapheneOS kwa mtu wa Nairobi

Kabla hujatoa hata shilingi moja pale Luthuli, mwambie muuzaji akuwashie hiyo simu na akupe wifi ya dakika tano. Ingia setingi, shuka mpaka chini kabisa palipoandikwa About phone, tafuta Build number uigonge mara saba, simu itakuambia sasa wewe ni devlopa. Rudi nyuma, ingia System halafu Developer options, hapo utakuta swichi imeandikwa OEM unlocking. Ikikubali kuwaka ukiigusa, endelea kuongea bei. Ikiwa imefifia na haiguswi hata intaneti ikiwepo, hiyo simu ina mwenyewe na si wewe, mrudishie uende duka linalofuata, na maduka pale yamepangana hadi juu orofani.

Naanza na hiyo swichi juu naona watu wakibishana siku nzima LineageOS na GrapheneOS, ile mifumo ya Android iliyojengwa na watu nje ya Google, ipi kali, na simu walizoshika mkononi haziwezi kubeba hata moja. Mwaka jana nilizunguka maduka manne nikitafuta Pixel 6a, simu ya Google wenyewe. Duka la kwanza kijana aliniapia simu imefunguliwa kabisa, akaweka laini ya Safaricom ikashika, akaweka ya Airtel ikashika, na kweli hakuwa ananidanganya, lakini hizo ni kufuli mbili tofauti. Kufuli ya laini inaamua ni mtandao gani utatumia. Kufuli ya butiloda, ile programu ndogo inayoamsha mfumo ukiwasha simu, inaamua ni mfumo gani utaendesha kwa hiyo simu, na hii ndio haizungumzwi. Pixel zilizouzwa na Verizon kule Marekani zinajulikana kwa hilo, laini inafunguka lakini butiloda inabaki imefungwa maisha yake yote, na hizo simu za ex-US, yaani zilizotoka Marekani, ndizo zinajaa hapa mjini kwa sababu Google yenyewe haiuzi Pixel rasmi Kenya. Duka la nne ndio swichi iliwaka, nikalipa 26,000.

Sasa mtu atauliza, si Android ni huria, chanzo wazi, msimbo wake si uko kwa intaneti kila mtu aone, ufunguo wa nini tena?

Ni kweli na si kweli. Google waliinunua Android 2005, simu ya kwanza ikatoka 2008, na ule msimbo wa msingi unaitwa AOSP uko wazi mpaka leo chini ya leseni ya Apache, unaweza kuuchukua usiku huu ukaanza kampuni yako ya simu kesho. Lakini chukua hiyo AOSP tupu uiweke kwa simu uone. Inapiga simu, inatuma meseji, ina kamera na saa ya kuamsha, basi. Play Store haimo, ramani haimo, na zaidi ya yote Play Services haimo, ile apu isiyo na sura ambayo apu zingine nyingi zinaitegemea ili zipate notifikesheni, lokesheni, na ile stempu ya kusema hii simu ni halali. Play Services haiko wazi na haijawahi kuwa wazi, na kila mwaka vitu vinahama kutoka upande wa wazi kwenda upande wa kufungwa. Ni kama kupewa nyumba kwa ploti bila kodi, ukuta ni wako na mlango ni wako, lakini maji, stima na geti vyote viko kwa keateka.

Na keateka huyo amewahi kuonyesha nguvu zake. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya ilipiga Google faini ya yuro bilioni 4.34, ikisema watengenezaji wa simu walilazimishwa kuweka Search na Chrome ndio wapewe Play Store, na walizuiwa kuuza simu zenye Android iliyobadilishwa na watu wengine. 2022 mahakama ikapunguza ikawa bilioni 4.125 lakini kosa likabaki pale pale. Halafu kuna Huawei. Mei 2019 serikali ya Marekani ikawaweka kwa orodha yake, Google wakalazimika kukata, na simu mpya za Huawei zikaanza kutoka bila Play Store. Msimbo wa Android hawakunyimwa, huo uko wazi kwa kila mtu, walinyimwa zile huduma, na hiyo iliwaangusha vibaya kwa masoko ya nje ya Uchina. Mwenye alikuwa na Huawei hapa Nairobi wakati huo anajua venye wateja walianza kuuliza hii iko na Google ama haina kabla hata ya kuuliza bei.

Miaka ya karibuni hata ule upande wa wazi umeanza kubanwa. Machi 2025 Google walisema Android yote sasa itatengenezwa ndani kwa ndani na msimbo utawekwa nje toleo likishakamilika. Juni wakatoa Android 16 bila zile faili za Pixel ambazo watu wa LineageOS na GrapheneOS walizoea kuzitumia, ikabidi wakae chini wazitengeneze wenyewe. Septemba Pixel zikapata toleo dogo la Android 16 na msimbo wake ukachelewa mpaka Novemba, kwa hivyo LineageOS 23 ilipotoka Oktoba ilisimama kwa Android 16 ya mwanzo juu hakukuwa na kingine cha kujengea. Na Agosti hiyo hiyo wakatangaza kwamba devlopa yeyote atajiandikisha kwao kwa jina lake halisi, la sivyo apu yake haitaingia kwa simu yoyote iliyoidhinishwa na Google, hata ukiidaunlodi kutoka mahali pengine kabisa. Kelele zikapigwa, F-Droid, lile duka la apu huria, wakasema hiyo itawaua, Novemba Google wakalegeza kidogo wakisema watawaachia njia wale wanaojua wanachofanya. Ratiba waliyotoa ni Septemba 2026 kuanzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, wengine tufuate kuanzia 2027. Hiyo sheria inashika simu zilizoidhinishwa na Google pekee, LineageOS, /e/OS na GrapheneOS haziguswi, na kwangu hiyo ni sababu kubwa ya kuandika haya sasa na si mwaka kesho.

Sasa tulinganishe.

Android venye inakuja kutoka dukani

Hii ndio iko kwa Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi, yaani karibu kila mtu unayekaa naye kwa matatu. Kila apu inafanya kazi, benki haileti shida, ukipoteza simu unaitafuta kwa akaunti. Na sitaki kumvunjia Google heshima pale alipofanya vizuri. 2021 binamu yangu alikopa 3,000 kwa apu moja ya mkopo, akachelewa siku nne, wale watu wakapigia mama mkwe wake, wakapigia mwalimu wa mtoto, wakapigia hadi fundi wa viatu ambaye namba yake alikuwa ameiweka miaka miwili kabla na hakuwahi kuitumia tena. Alilia wiki nzima. Ile apu ilikuwa imechukua kontakti zote siku ya kwanza, kwa sababu aligonga Allow mara moja tu. Januari 2023 Google wakaanza kutaka apu za mikopo za Kenya zionyeshe karatasi za Benki Kuu ndio zikae Play Store, na Mei mwaka huo wakazikataza kabisa kusoma kontakti na picha. Hiyo ilisaidia watu wengi hapa. Lakini angalia imesaidia vipi: mtu mmoja kule California alifunga mlango. Siku akiamua kuufungua, ama kufunga mwingine ambao wewe unauhitaji, hakuna mahali utaenda kulalamika.

Halafu kuna kile inachotuma. Douglas Leith wa Trinity College Dublin alipima 2021, akakuta simu ya Android ikiwa imelala tu mezani inatuma kwa Google kama megabaiti moja kila saa 12, na kwa wastani simu inapiga ripoti nyumbani kila dakika nne na nusu, hata ukiwa umezima kila kitu unachoweza kuzima. Megabaiti moja si kitu kwa bando lako. Shida ni kwamba hujui imeandikwa nini na huwezi kuikataa.

LineageOS

Hii ndio kongwe. Ilitoka kwa CyanogenMod, ambayo ilianza 2009 na ikafa Disemba 2016 baada ya kampuni iliyokuwa nyuma yake kukata msaada, wale watu wa kujitolea wakachukua msimbo wakaupa jina jipya wakaendelea. Faida yake kubwa ni uhai. Una Samsung ama Xiaomi ama OnePlus ya zamani ambayo kampuni iliacha kuipa apdeti, iko kwa droo, betri bado nzuri, LineageOS inaipa Android mpya na viraka vya usalama, na simu inakuwa nyepesi juu ule uchafu wa kampuni wote umetoka.

Haiji na Google ndani. Hapo ndio watu wanafanya kosa, wanaflashi LineageOS, yaani wanaiweka kwa simu, halafu dakika hiyo hiyo wanaongeza kifurushi cha apu za Google ili Play Store irudi. Leith na wenzake walipima tena Oktoba 2021, wakakuta LineageOS yenye apu za Google juu yake inapeleka data kwa Google karibu sawa na simu za kawaida. Kwa hivyo kama nia yako ilikuwa kumtoa Google, umemtoa kwa mlango ukamrudisha kwa dirisha. Kama nia ilikuwa kufufua simu tu, sawa, uko vizuri.

Ubaya wa pili, kwa simu nyingi butiloda inabaki wazi ukishamaliza. Mtu akikuibia simu stage ya Railways, ana nafasi ya kuchezea mfumo wenyewe bila simu kukataa. Na zile faili za chini kabisa za kampuni, za modemu na chipu, LineageOS haiwezi kuzitengeneza, zikishazeeka zimezeeka.

Ya tatu inauma zaidi hapa kwetu. Fungua listi yao ya simu zinazokubalika, tafuta Tecno, tafuta Infinix, tafuta itel, utachoka. Simu ambazo Nairobi inanunua ndizo karibu hazimo. Si uvivu wa watu wa LineageOS, ni kwamba bila kampuni kutoa msimbo wa kernel, kile kiini cha mfumo, na faili za ile chipu, mtu wa kujitolea hana pa kuanzia. Kernel ya Linux iko chini ya leseni ya GPL inayosema ukiuza lazima utoe msimbo kwa anayeuomba, na bado kampuni nyingi zinatoa nusu, ama zinachelewa, ama zinanyamaza. Tungekuwa tunadai hiyo kwa nguvu kama tunavyodai waranti.

/e/OS

Hii imejengwa juu ya LineageOS na Gaël Duval, yule Mfaransa aliyeanzisha Mandrake Linux 1998. Kwa mtu asiyetaka kujifunza mambo mengi, nadhani hii ndio rahisi kuishi nayo. Badala ya Play Services wanaweka microG, kitu kidogo huria kinachojifanya Play Services mbele ya apu zingine, kwa hivyo apu inapata notifikesheni na ramani bila ile mashine kubwa ya Google kukaa ndani. Duka lao linaitwa App Lounge, linakuletea apu za Play Store bila wewe kuingia na akaunti, na linakuonyesha kila apu imebeba vijasusi vingapi kabla uiweke. Kuna kitufe cha kuwazuia wote, na kingine cha kudanganya lokesheni. Katika kile kipimo cha Oktoba 2021 /e/OS ndio peke yake iliyokutwa haitumi karibu chochote.

Nilimwekea shangazi yangu wa Umoja kwa Samsung yake ya zamani na yeye hajui kama kuna kitu kilibadilika, aliniuliza tu mbona ile ukurasa ya habari za umbea haitokei tena. Anatumia WhatsApp, redio, na picha za wajukuu.

Kasoro yake ni usalama. Viraka vinafika vimechelewa, na kwa simu nyingi butiloda ni wazi vile vile. /e/OS inakukinga na mtu wa matangazo. Mtu aliyeshika simu yako mkononi na ana vifaa, hiyo haimwezi.

GrapheneOS

Hapa nitakaa kidogo, juu ndio niko nayo na ndio ninaiamini. Inakaa kwa Pixel pekee kwa sasa, Pixel 6 kwenda juu. Najua inasikika vibaya, ati ukimbie Google kwa kununua simu ya Google. Sababu yao ni ya kiufundi: Pixel inakuruhusu ufungue butiloda, uweke mfumo wako, halafu *uifunge tena* kwa ufunguo wa huo mfumo mpya, na ile chipu ya usalama inaendelea kulinda kama kawaida. Simu nyingi haziruhusu hiyo hatua ya mwisho. Kwa hivyo hii ndio moja kati ya zote ambapo ukimaliza kuflashi simu yako ni ngumu kuingia kuliko ilivyotoka kiwandani. Ikikaa imefungwa saa 18 bila wewe kuifungua inajizima na kujiwasha yenyewe, data yote inarudi kujificha.

Kuiweka ni rahisi kuliko zote, nilifanya kwa brauza ya Chromium kwa laptopu, kebo moja, unagonga vitufe kwa ukurasa wao mpaka mwisho. Nilimaliza kabla chai haijapoa vizuri.

Inakuja bila Google kabisa. Ukiitaka Play Store unaiweka mwenyewe, lakini inaingia kama apu ya kawaida, imefungiwa ndani ya boksi kama gemu yoyote, haina zile ruhusa za kifalme inazokuwa nazo kwa simu zingine. Ukiikataza lokesheni, imekatazwa. Kila apu ina swichi ya intaneti, kwa hivyo kibodi yangu haina mtandao, kikokotoo hakina mtandao, tochi haina mtandao, na sijaona kikokotoo kikilalamika.

Na kuna hii kitu inaitwa Contact Scopes, ambayo natamani binamu yangu angekuwa nayo 2021. Apu ikidai kontakti ndio ifunguke, unaiambia sawa, umepewa, halafu unaionyesha orodha tupu. Ama unaionyesha watu wawili. Yenyewe inaona imeruhusiwa, haijui kuna wengine 400 nyuma ya pazia. Nilikaa naye kwa meza ya jikoni nikamwonyesha kwa simu yangu, nikaweka apu moja inayolazimisha kontakti, ikafunguka, ikaonyesha namba moja tu, yangu mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na mama mkwe hayuko hapo?" Nikamwambia hayuko.

M-Pesa na benki, ambapo watu wengi hurudi nyuma

M-Pesa ya kwenye laini, ile menyu ya SIM Toolkit, inakaa ndani ya laini yenyewe, na AOSP ina kile kidude cha kuifungua. *334# nayo ni ya mtandao wa simu. Kwa hivyo kutuma pesa, kulipa till, kununua tokeni, hiyo haitegemei Google kwa njia yoyote, na tushukuru ilijengwa 2007 kabla simu za Android hazijatoka. eCitizen inafunguka kwa brauza yoyote. WhatsApp unaweza kuichukua kwa tovuti yao wenyewe, inafanya kazi hata bila Play Services, ila kopi ya chati kwa Google Drive hutapata, utahifadhi kwa simu.

Apu za benki ndio tatizo. Google wana kipimo kinaitwa Play Integrity, apu inauliza Google hii simu ni halali, Google inajibu. GrapheneOS inapita kiwango cha chini tu na kukataliwa vile vya juu. Sababu si kwamba haina usalama, ni kwamba Google haijaiidhinisha. LineageOS yenye butiloda wazi kwa kawaida inakwama hapo hapo. Benki inayodai hivyo vya juu haitakufungulia. Benki yangu moja ilikataa, nyingine ikakubali bila neno, kwa hivyo ile iliyokataa naitumia kwa USSD na kwa brauza. Android yenyewe ina njia nyingine ya kuthibitisha simu kupitia chipu, ambayo GrapheneOS inapita vizuri, na wao wamekuwa wakiomba watengenezaji wa apu waitumie. Ukiwa na benki hapa nchini waandikie, mimi nimewaandikia mara mbili. Hakuna sababu kampuni ya Marekani iwe ndio inaamua Mkenya atafungua akaunti yake ya Kenya kwa simu gani.

Kulipa kwa kugusisha simu kupitia Google Wallet pia hutapata. Kama unaendesha gari ama boda ya apu, usiguse simu ya kazi, zile apu za madereva zinategemea huduma za Google na siku yako ya kazi haiwezi kuwa siku ya majaribio.

Ramani nimehamia Organic Maps, inafanya kazi bila bando, na inatumia OpenStreetMap, ile ile ambayo vijana wa Kibera waliichora mtaa wao 2009 kupitia Map Kibera wakati ramani nyingi zilikuwa zinaonyesha pale kama eneo tupu. Vichochoro vya pale viko vizuri kwelikweli. Kwa foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni, hapo Google Maps bado ni mkali, sitakudanganya.

Zile za Linux kamili

Ubuntu Touch ambayo kampuni ya Canonical iliacha 2017 na watu wa kujitolea wa UBports wakaichukua, postmarketOS iliyoanza mwaka huo huo ikitaka simu idumu miaka kumi, Sailfish ya Wafini waliotoka Nokia. Hizi ndizo ziko mbali na Google kuliko zote, si Android, na nazipenda kwa moyo. Lakini kama simu ya pekee ya mtu wa Nairobi mwenye chama cha WhatsApp na watoto wa shule, hapana. Weka postmarketOS kwa simu iliyovunjika kioo uifanye seva ndogo ya nyumbani, hapo inafurahisha. Sailfish pia ujue sura yake ya juu haiko wazi yote.

Kwa hivyo uchague ipi

Kama simu yako ni ya mkopo, ya kulipa kila siku kama ile mipango ya shilingi 20 iliyoanza 2020, usiguse mpaka umalize. Inafungwa kutoka mbali ukichelewa, butiloda haikubali, na bado si yako kwa karatasi.

Kama una Tecno, Infinix ama itel, baki na Android iliyoko na uibane. Setingi, Google, Ads, futa ile ID ya matangazo. Zima apu za kampuni usizotumia, zinazokataa kuzimwa zitoe kwa adb, kile chombo cha kuamrisha simu kutoka kwa kompyuta, ukiwa na laptopu. Weka F-Droid sasa wakati bado mlango uko wazi, na kupitia hiyo weka RethinkDNS uone kila apu inaongea na nani, utashangaa tochi ina marafiki wangapi. Hiyo ni nusu ya safari na haikugharimu kitu.

Kama una Samsung ama Xiaomi iliyoachwa na kampuni, tafuta jina lake kamili na namba ya modeli, si jina la soko tu, kwa listi ya /e/OS kwanza halafu LineageOS. Ya mzazi ama ya mtoto, /e/OS. Ya wewe unayependa kuchezea, LineageOS bila apu za Google, uongeze F-Droid. Samsung ukifungua butiloda ukaweka mfumo mwingine, Knox, ile kinga yao ya usalama, inaungua milele, hairudi hata ukirudisha mfumo wa mwanzo. Huawei waliacha kutoa namba za kufungua tangu 2018, usipoteze jioni yako.

Na kama uko na pesa ya simu sasa hivi, ama kazi yako ni ya kuficha watu, mwandishi wa habari, wakili, mtu wa haki za binadamu, nesi mwenye namba za wagonjwa, basi Pixel yenye swichi inayowaka na GrapheneOS, bila kufikiria mara mbili. Nunua Pixel 8 ukiweza, ina apdeti mpaka 2030, kuliko 6 ya kawaida ambayo ahadi yake inaisha Oktoba 2026. 6a ina mpaka Julai 2027, lakini uliza hali ya betri kwanza, 2025 Google walitoa apdeti ya lazima ya kupunguza nguvu ya betri zake zikifika mizunguko 400 kwa sababu ya joto.

Siku ya kuflashi, kufungua butiloda kunafuta kila kitu, na namaanisha kila kitu. Toa picha kwa laptopu usiku uliotangulia, tengeneza kopi ya WhatsApp utoe ile folda kwa mkono, andika namba za dharura kwa karatasi. Usitumie kebo ya kuchaji ya mia moja ya pale Tom Mboya, nyingi hazipitishi data, ama zinakatika katikati ukibakia na skrini nyeusi na moyo unadunda. Toa akaunti ya Google kwa simu kabla uanze, si baadaye. Na chagua siku ambayo stima haiko kwa ratiba ya kupotea mtaani kwenu.